Cherehani na Kiwanja: Historia ya Kujitegemea kwa Vijana Wenye Ulemavu Bungoma na Kitale

Neno kujitegemea, kama linavyotumiwa katika kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, lina maana mbili zinazokaa pamoja bila kulingana. Maana ya kwanza ni ya mkono: mtu anajitegemea anapofanya kazi ikampatia riziki, asiwe wa kuletewa kila kitu na wenzake. Maana ya pili ni ya mlango: mtu anajitegemea anapokuwa na nyumba yake, jiko lake na kiwanja chake, kiasi kwamba mgeni akifika kijijini huelekezwa kwake kwa jina lake mwenyewe, wala si kwa jina la baba au kaka anayemlea. Historia ya namna vijana wenye ulemavu walivyoandaliwa kwa utu uzima katika sehemu hizi za magharibi ya Kenya, tangu enzi ya ukoloni hadi sheria ya mwaka 2025, ni historia ya maana ya kwanza kushughulikiwa kwa bidii, kwa shule, vyuo na vyeti, huku maana ya pili ikiachiwa familia, ambazo mara nyingi hazikuitimiza. Ndiyo maana fundi wa kushona aliyehitimu chuoni aliweza kurudi kwao Kimilili au Kiminini akiwa na cherehani, akakosa mahali pa kuiweka.

Lugha yenyewe imehifadhi mwendo wa mawazo hayo. Majina ya zamani ya Kiswahili, yaani kipofu, kiziwi, kiwete na kilema, yamo katika ngeli ya KI-VI, ambayo kwa kawaida ni ngeli ya vitu, ingawa wasemaji huyapa upatanisho wa viumbe wenye uhai na kusema kipofu anasoma, si kipofu kinasoma. Baadaye likaenea neno wasiojiweza, lililosikika kwa miaka mingi katika hotuba na matangazo nchini Kenya, na ambalo lilikuwa na madhara makubwa kuliko yale ya kwanza, kwa kuwa majina ya kale yalitaja hali ya macho, masikio au miguu, ilhali hili lilitoa hukumu juu ya maisha yote ya mtu. Asiyejiweza hatarajiwi kuandaliwa ili ajitegemee, anatarajiwa kutunzwa. Neno mlemavu lililofuata lilimrudisha mtu katika ngeli ya watu, na leo maandishi rasmi hupendelea mtu mwenye ulemavu, yaani mtu kwanza, ulemavu baadaye.

Kabla ya shule na vyuo, Babukusu, ambao ndio wengi zaidi katika Bungoma na ambao wamehamia kwa wingi Trans Nzoia, walikuwa na utaratibu wao wa kumtoa kijana utotoni, na bado wanao. Tohara hufanyika mwezi Agosti wa miaka inayogawanyika kwa mbili, na watahiriwa huingizwa katika mojawapo ya marika manane yanayorudi kwa mzunguko, kama vile Kolongolo, Kikwameti, Nyange, Maina na Chuma. Mvulana ambaye hajatahiriwa, anayeitwa omusinde, hutangaza mwenyewe nia yake, huzunguka kwa jamaa akipiga kengele za mkononi, hufika kwa mjomba wake upande wa mama, anayeitwa khocha, na alfajiri ya siku yenyewe hupakwa matope mtoni kisha akasimama wima katika ua wa baba yake, bila kutikisika wala kupepesa macho, hadi kisu kimalize kazi. Hufuata kipindi cha kutengwa na kufunzwa, kinachofungwa kwa sherehe iitwayo khukhwalukha, na kijana akitoka humo harudi kulala katika nyumba ya mama yake. Hujenga, au hujengewa, esimba, yaani nyumba ya kijana asiyeoa, inayosimama ndani ya boma la baba lakini yenye mlango wake yenyewe.

Esimba inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko inavyoangaliwa kwa kawaida, kwa sababu inaonyesha kwamba jamii hii ilikuwa na nadharia yake kamili ya maisha ya kujitegemea. Kijana wa esimba hakuishi peke yake: chakula kiliendelea kutoka jikoni kwa mama, ng'ombe walikuwa wa baba, na kilio cha usiku kilisikika hadi nyumba ya pili. Hata hivyo mlango ulikuwa wake, aliweza kumkaribisha rafiki bila kuomba ruhusa, na kutokana na mlango huo vilifuata vitu vingine kwa mpangilio unaojulikana, yaani shamba la kugawiwa, mahari iliyochangwa na ukoo, mke, na hatimaye sauti katika kikao cha wazee. Kujitegemea kulikuwa kuhama hatua chache tu, ndani ya uzio uleule, kutoka kutunzwa hadi kuhesabiwa. Kwa msichana njia ilikuwa nyingine, kwa kuwa mlango wake aliutarajia kupitia ndoa, na yule ambaye hakuposwa kwa sababu ya ulemavu alibaki katika nyumba ya wazazi bila hatua yoyote ya desturi ya kumtoa humo. Hali yake ilikuwa ngumu kuliko ya kaka yake mwenye ulemavu uleule, jambo ambalo maandishi mengi kuhusu ulemavu hulipita haraka mno.

Nafasi ya kijana mwenye ulemavu katika utaratibu huu haikuwa moja kwa wote. Kazi za boma zilikuwa nyingi na za aina nyingi, kuanzia kuchunga, kupukuchua na kuanika nafaka hadi kusuka vikapu na kulea watoto, na mtu aliyeshindwa moja aliweza kupewa nyingine, kwa hiyo riziki yake haikutegemea kupata mwajiri. Lakini kipimo cha utu uzima kilikuwa mwili unaosimama na kauli inayotolewa hadharani, na mtoto ambaye miguu yake haikumbeba, au ambaye hakuweza kutamka nia yake, aliingia katika kipimo hicho akiwa na deni. Kulikuwa pia na imani, ambazo hazijakwisha, kwamba ulemavu ni matokeo ya laana au ya kosa la mzazi, na imani hizo ndizo zilizofanya baadhi ya familia kumficha mtoto ndani wageni walipofika. Wahenga waliosema kabla hujafa hujaumbika walikuwa wakiwaonya wenye afya dhidi ya kebehi, na onyo la namna hiyo halitungwi mahali ambapo kebehi haipo. Desturi ya kale kwa hiyo haifai kupambwa. Inafaa tu kukumbukwa kwamba ilijua jambo ambalo taasisi za baadaye zililisahau, yaani kwamba kijana hupewa mlango kabla hajadaiwa mafanikio.

Kitale ilikuwa na historia tofauti kabisa, ingawa ni mwendo mfupi tu kutoka Bungoma. Mji huo ulianza mwaka 1908 kama makazi ya walowezi wa Kizungu, na ulikua haraka baada ya reli kufika mwaka 1926 na kuyaunganisha mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia na soko la dunia. Ardhi ilikuwa ya mlowezi, na Mwafrika aliishi humo kwa sababu ya kazi yake. Sheria ya mwaka 1918 iliyohusu wakazi wa mashamba ya walowezi ilimtaka mkazi wa Kiafrika amfanyie mwenye shamba kazi kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka, na kwa kufanya hivyo ilifunga haki ya kukaa mahali na nguvu za mwili. Kijana aliyekulia katika laini, kama nyumba za vibarua zilivyoitwa, hakuwa na esimba ya kujenga wala kiwanja cha kugawiwa. Alikuwa na mkataba, na asiyeweza kutimiza siku za mkataba alikuwa mgeni wa jamaa zake. Kwa vijana wenye ulemavu hili lilikuwa badiliko kubwa kuliko lolote la karne hiyo, kwa kuwa kwa mara ya kwanza katika eneo hilo udhaifu wa mwili uliweza kumnyima mtu si kazi tu, bali hata mahali pa kulala.

Uhuru ulibadilisha umiliki bila kubadilisha sana kipimo hicho. Mashamba ya walowezi yalinunuliwa kwa ajili ya miradi ya makazi, mengine yakachukuliwa na kampuni na vyama vya wanunuzi wa ardhi, na mengine yakabaki chini ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo, lijulikanalo kama ADC, lililoanzishwa mwaka 1965. Kiwanja kiliandikishwa kwa jina la mkuu wa familia, aliyetarajiwa kulima na kulipa mkopo. Watoto wake walisubiri ugawaji wake baadaye, na kadiri ekari zilivyopungua ndivyo mgawo wa yule aliyedhaniwa kuwa hatalima ulivyokuwa wa kwanza kuahirishwa.

Elimu rasmi kwa watoto wenye ulemavu nchini Kenya ilianza mbali na sehemu hizi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Jeshi la Wokovu lilianzisha huko Thika, mwaka 1946, kazi ya kuwafunza wasioona, iliyozaa shule ya kwanza ya aina hiyo nchini. Mwaka 1958 kiliundwa Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo cha Kenya, kijulikanacho kwa ufupisho wa APDK. Kwa magharibi ya nchi hatua kubwa ilikuwa mwaka 1961, wakati Kanisa Katoliki lilipofungua shule za viziwi huko Mumias na huko Nyang'oma karibu na Ziwa Viktoria, na mwaka 1963 Jeshi la Wokovu likafungua shule ya wasioona ya Kibos, karibu na Kisumu. Baadaye shule zilisogea karibu zaidi: Kapenguria, kaskazini ya Kitale, ikapata shule za Mtakatifu Fransisko kwa wasioona, Webuye ikapata shule ya viziwi ya Mtakatifu Antoni, na Nalondo, katika Bungoma, ikapata shule ya wenye ulemavu wa viungo ambayo jina lake hadi leo limebeba herufi CBM, ufupisho wa shirika la Kikristo la Ujerumani ambalo mizizi yake inarudi kwa mchungaji Ernst Jakob Christoffel mwaka 1908.

Shule hizo zilikuwa za bweni, na bweni ndilo kiini cha jambo linalojadiliwa hapa. Mtoto wa miaka 6 au 7 aliondoka kijijini, akarudi likizo tu, na alipomaliza masomo akiwa na miaka 18 au 20 alikuwa amekulia katika jumuiya nyingine. Kwa mtoto asiyeona hasara hiyo ilipunguzwa na lugha, kwa sababu aliendelea kuzungumza na ndugu zake, na breli, yaani maandishi ya nukta zinazosomwa kwa vidole, ilimpa uwezo ambao nyumbani asingeupata. Kwa mtoto kiziwi hali ilikuwa kinyume. Shuleni alipata, mara nyingi kwa mara ya kwanza maishani, watu wanaozungumza kwa mikono, na ingawa walimu wa miaka ya mwanzo walishikilia mbinu ya kumfunza kiziwi kutamka na kusoma midomo, watoto wenyewe waliendelea kuongea kwa ishara bwenini hadi lugha yao ikakomaa. Mabadiliko ya mbinu hiyo katika miaka ya 1980, ambayo msomi kiziwi Mkenya Michael Ndurumo alikuwa mstari wa mbele kuyadai, yalifungua mlango kwa Lugha ya Ishara ya Kenya kutumika darasani, na Katiba ya mwaka 2010 ikaitaja kuwa lugha ambayo serikali inapaswa kuikuza. Lakini kijana aliyehitimu Mumias au Webuye akiwa fasaha katika lugha hiyo alirudi katika boma ambalo hakuna hata mtu mmoja aliyeijua, na hapo kila jambo la utu uzima, kuanzia bei ya mbuzi hadi mpaka wa shamba, lilijadiliwa juu ya kichwa chake. Kumfunza mtoto bila kuifunza familia yake lilikuwa kosa kubwa kuliko yote katika historia hii, na lilirudiwa kwa vizazi viwili.

Watoto wenye ulemavu wa viungo walipata pia njia nyingine, ambayo Kenya inastahili kusifiwa kwayo. Makanisa na mashirika yalijenga mabweni madogo kando ya shule za msingi za kawaida, ambamo watoto walilala na kupata mazoezi ya viungo na vifaa vya kutembelea, lakini mchana wakasoma na watoto wa kijiji. Wengi wao walikuwa wameugua polio, ugonjwa ambao ulipungua sana baada ya mpango wa taifa wa chanjo, uitwao KEPI, kuanzishwa mwaka 1980. Kijana aliyesomea huko aliwajua wenzake wa rika moja, na wenzake walimjua, na urafiki huo ulikuwa na thamani kubwa baadaye kuliko ufundi wowote, kwa kuwa ndio uliomwingiza katika vikundi vya harusi, vya mazishi na vya kuweka akiba.

Kuhusu ufundi wenyewe, chanzo cha sera ya taifa ni kamati iliyoundwa mwaka 1964 chini ya Ngala Mwendwa, iliyochunguza malezi na urekebishaji wa watu wenye ulemavu. Urekebishaji hapa una maana ya mafunzo na huduma za kumwezesha mtu kurudia au kuanza maisha ya kazi. Mapendekezo yake yaliingia katika waraka wa sera wa serikali namba 5 wa mwaka 1968, na kutokana nao kikaanzishwa kituo cha viwanda cha urekebishaji jijini Nairobi mwaka 1971, kikifuatiwa na vituo vya mikoani hadi kukawa na mtandao wa vituo 12. Katika Mkoa wa Magharibi wa wakati huo vilijengwa Kakamega, Itando na Odiado. Bungoma haikupata kituo, na Kitale, ambayo kiutawala ilikuwa katika Mkoa wa Bonde la Ufa, haikupata pia. Kijana wa Chwele au wa Endebess aliyetaka mafunzo hayo alilazimika tena kuondoka kwao.

Mafunzo yaliyotolewa yalikuwa ushonaji wa nguo, ushonaji wa viatu, useremala, ufumaji na kazi za mikono za aina hiyo. Fikra iliyokuwa nyuma yake ilikuwa ya busara kwa wakati wake: fundi hahitaji kuajiriwa, anahitaji zana na wateja, na mwanafunzi aliyehitimu aliweza kusaidiwa kupata zana za kuanzia kazi. Kwingineko nchini palijaribiwa njia ya karakana za hifadhi, yaani mahali pa kazi palipotengwa kwa watu wenye ulemavu ambapo hulala, hufanya kazi na kuuza pamoja, na karakana za Bombolulu zilizoanzishwa na APDK mjini Mombasa mwaka 1969 ndizo mfano mashuhuri zaidi, zikisaidiwa na watalii wa pwani walionunua mapambo na vinyago. Magharibi hakukuwa na watalii wa kiasi hicho, na fundi alitegemea majirani zake. Alipokuwa na kibanda barabarani, kwenye soko la Kamukuywa au karibu na shule, aliishi kwa kushona sare za wanafunzi na kutengeneza viatu. Alipokosa kibanda, zana zilikaa chini ya kitanda cha kaka yake hadi zikauzwa. Kisha katika miaka ya 1990, baada ya soko kufunguliwa, mitumba ilijaa kila mahali na ikachukua sehemu kubwa ya kazi ya mshonaji wa nguo za kawaida, ikimwachia sare na marekebisho. Ufundi uliochaguliwa mwaka 1971 uliendelea kufundishwa kana kwamba soko halikuwa limebadilika.

Wakati huohuo ulikuwepo mtandao mwingine uliokuwa karibu zaidi. Mwaka 1966 Baraza la Kitaifa la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza vijana wanaomaliza shule ya msingi wafanye nini, na kutokana nayo vikazuka vyuo vya ufundi vya kijiji, vilivyogharimu kidogo na vilivyofundisha stadi zinazohitajika palepale. Baada ya ugatuzi wa mwaka 2013 vyuo hivyo viliingia mikononi mwa serikali za kaunti. Kama vingejengwa tangu mwanzo kwa njia za magurudumu, na kama vingekuwa na wakalimani wa lugha ya ishara, kijana mwenye ulemavu angeweza kujifunza akilala nyumbani na kujenga jina miongoni mwa wateja wake wa baadaye. Kosa la kuvipanga vyuo hivi bila yeye, kwa sababu alidhaniwa kuwa na mahali pake pengine, limemgharimu kuliko uhaba wa fedha.

Kundi lililochelewa kufikiwa kuliko yote ni la vijana wenye ulemavu wa akili, yaani wale ambao uwezo wao wa kujifunza hukua polepole. Chama cha Kenya cha kuwatetea kiliundwa mwaka 1971 na kazi yake vijijini ilitegemea zaidi wazazi wenyewe. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, ilianza huduma ya serikali ya kuwapima watoto na kuwaelekeza shuleni, na mwaka 1986 ikaanzishwa Taasisi ya Kenya ya Elimu Maalumu, KISE, ya kuwaandaa walimu. Kutokana na hayo vilienea vitengo maalumu, yaani madarasa ya watoto wenye ulemavu ndani ya shule za kawaida, na elimu ya msingi bila malipo ya mwaka 2003 iliwaleta shuleni wengi waliokuwa wamefichwa. Tatizo lililojitokeza baadaye lilikuwa la kutoka, si la kuingia: kijana wa miaka 20 na zaidi alibaki katika kitengo cha shule ya msingi, miongoni mwa watoto, kwa sababu nje ya lango hapakuwa na mahali pengine palipomtarajia.

Mtaala mpya wa umilisi umelikabili jambo hili kwa njia inayostahili heshima. Kwa wanafunzi wasiofuata mtaala wa kawaida umeweka njia ya hatua badala ya madarasa, ikianzia hatua ya msingi, ikipitia hatua ya kati na ya maandalizi ya ufundi, hadi hatua ya ufundi. Katika njia hiyo hufundishwa stadi za maisha ya kila siku: kuoga na kuvaa bila kusaidiwa, kupika, kufua, kutambua noti na kungoja chenji, kupanda matatu inayokwenda mahali panapotakiwa na kushuka kituoni, kukataa kuguswa vibaya. Anayeyadharau mambo haya hajawahi kumwona mama wa kijana wa miaka 25 akiwaza nani atamnawisha mwanawe siku yeye atakapokufa. Kati ya yote yaliyofundishwa tangu mwaka 1946, hili ndilo somo la kwanza la mlango, somo linalomchukua kijana kama mwenye nyumba ya baadaye, na inasikitisha kwamba waliolipata kwanza ni wale walioonekana kuwa na ulemavu mkubwa zaidi, huku asiyeona na kiziwi wakidhaniwa kwamba watajifunza kupika na kutunza fedha wenyewe.

Madai ya haki yalikuja sambamba. Kenya iliuadhimisha mwaka 1980 kama mwaka wa kitaifa wa watu wenye ulemavu, mwaka mmoja kabla ya ule wa kimataifa. Mwaka 1989 vyama vya watu wenye ulemavu viliungana katika shirika moja la kitaifa, UDPK. Na mwaka 2003 ikapitishwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, iliyounda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na kuelekeza kwamba asilimia 5 ya ajira zitengwe kwa ajili yao. Mwaka 2008 Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 19 kinasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua anapoishi na anayeishi naye, na kwamba asilazimishwe kukaa katika makazi asiyoyachagua. Kifungu hicho kilitokana na vuguvugu lililoanza mbali. Huko Berkeley, Marekani, Ed Roberts, aliyepooza kwa polio na kupumua kwa msaada wa mashine, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kituo cha maisha ya kujitegemea mwaka 1972, na huko Stockholm, Uswidi, Adolf Ratzka alisaidia kuunda mwaka 1984 ushirika ambamo watu wenye ulemavu waliwaajiri na kuwasimamia wasaidizi wao kwa fedha za umma. Hoja yao ilikuwa kwamba kujitegemea si kufanya kila kitu kwa mikono yako, bali ni kuwa wewe ndiye unayeamua. Msomaji wa Bungoma ataitambua hoja hiyo haraka, kwa kuwa kijana wa esimba naye alipikiwa na mama bila kuhesabiwa kuwa mtoto.

Fedha za umma nchini Kenya, hata hivyo, zimeelekea upande mwingine. Ruzuku ya serikali kwa watu wenye ulemavu mkubwa, iliyoanza mwaka 2011, hutolewa kwa kaya kwa kiwango cha shilingi 2,000 kwa mwezi na hupokelewa na mlezi. Imeokoa familia nyingi na njaa, na hakuna anayefaa kuibeza; lakini kwa muundo wake inamtambua kijana kama mzigo wa nyumba ya mtu mwingine. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi, kiwango cha chini kuliko asilimia 3.5 ya sensa ya mwaka 2009, na ingawa namna ya kuuliza maswali ilibadilika, wengi katika vyama vya watu wenye ulemavu wanaamini kwamba watu walio ndani ya nyumba za wengine, wasiotajwa na mwenye nyumba, ni rahisi kuachwa nje ya hesabu.

Ardhi ndiyo iliyobaki kuwa swali gumu zaidi. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimnyimi mtoto fungu kwa sababu ya ulemavu, na Katiba ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa ulemavu na wa jinsia kwa pamoja. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyotiwa saini mwezi Mei 2025, imeichukua nafasi ya ile ya mwaka 2003. Lakini ugawaji wa mashamba katika Bungoma na Trans Nzoia bado hufanywa kwanza chini ya mti, mbele ya wazee, mara nyingi baba akiwa hai, na fungu la mtoto mwenye ulemavu huandikwa kwa jina la ndugu atakayemtunza. Ndugu mwema hulinda fungu hilo. Ndugu huyo akifa, mjane wake na watoto wake hawafungwi na ahadi ambayo haikuandikwa. Hapo ndipo cherehani, cheti cha ufundi na kadi ya Baraza la Kitaifa hupoteza nguvu, kwa kuwa hakuna hata kimoja kinachompa mtu mahali pa kukaa.

Mwezi Agosti 2026 ni msimu mwingine wa tohara kwa Babukusu, na katika maboma mengi, kutoka Malakisi hadi Cherangany, zitajengwa esimba mpya kwa ajili ya wavulana watakaohitimu. Mzazi mwenye mtoto asiyeona, asiyesikia, asiyetembea au asiyeelewa upesi, awe wa kiume au wa kike, ahesabu nyumba ya mtoto huyo pamoja na za wenzake, apime kiwanja chake siku ileile, na amwite chifu na wazee waandike jina lake mwenyewe.